Begi Lilikwenda Vlieland

“Keshokutwa napanda feri ya kwanza kwenda kisiwani Terschelling. Naendesha baiskeli yangu hii hii isiyo na betri mpaka pale barabara inapoishia, halafu feri ya saa tisa inanirudisha nyumbani. Nikishindwa, hizo karatasi zenu natia saini kwa mkono huu huu.”

Hiske Postuma aliyasema hayo mbele ya watu ishirini na wawili, siku aliyotimiza miaka themanini, kasimama katikati ya duara la viti na kisu cha keki mkononi. Kisu hakikuwa sehemu ya hoja, lakini kilisaidia watu kusikiliza.

Sherehe yenyewe ilikuwa kama sherehe zote za Harlingen, mji wetu wa bandari huku Uholanzi. Watu wameketi duara utadhani wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari, kikombe cha kahawa kimesimamishwa juu ya goti, kila mtu kipande kimoja cha keki, na kopo la biskuti limekwisha kupita mara moja na kufungwa. Kila aliyeingia alilizunguka duara zima akipeana mikono: hongera kwa mama yako, hongera kwa shangazi yako, hongera kwa jirani yako. Kwetu mtu akitimiza miaka hupongezwa ukoo mzima, kana kwamba wote walikuwa leba wakisukuma.

Aliyeleta balaa ni Marloes, mkamwana wake. Marloes ni mtu wa Apeldoorn, huko bara kwenye misitu, na mtu aliyekulia mbali na bahari huamini kwamba kila jambo duniani linaweza kupangwa kwenye jedwali likatulia. Ndani ya bahasha ya kadi ya pongezi alikuwa amechomeka karatasi za nyumba ya wazee, ile iliyo nyuma ya duka kubwa. Chumba kimepatikana, alisema, na vyumba havikai. Dirisha linatazama maegesho ya magari, kwa hiyo hakuna kelele za shakwe. Hakuwa na nia mbaya. Karatasi zilikuwa za kusoma tu, kwa nafasi. Hiske alizisoma pale pale, kwa sauti, mpaka kwenye mstari wa saini.

Hapo ndipo mwanawe Douwe alipoona hana pa kujificha. Douwe ana miaka hamsini na mitatu na anafanya kazi mamlaka ya maji, kupima kama matuta yanayozuia bahari yamedidimia hata unene wa ukucha. Ni mtu anayelipwa mshahara kwa kuogopa, na kazi yake anaiweza. Akaanza kuhesabu: ngazi za nyumba ya mama, zilivyosimama wima hata mtu hushuka kinyumenyume kama baharia, upepo wa bandarini, na birika. Hasa birika. Mwezi wa pili Hiske aliliacha jikoni kwenye moto mpaka likawa jeusi, na tangu siku hiyo birika lile lilizungumziwa katika familia kuliko vita vyote viwili vya dunia.

“Mama, si kwamba hatukuamini,” alisema Douwe.

“Basi mnaamini birika,” alisema Hiske, na ndipo alipotoa ile ahadi.

Watu wakacheka, halafu wakaona yeye hacheki. Marloes akaweka kikombe chake chini taratibu. “Mama yangu,” alisema, “mdomo hauna pedali.”

“Ungekuwa nazo, wewe ungeshafika Apeldoorn.”

Duara lilikohoa. Douwe, kwa kuwa ni mtu wa vipimo, hakubishana na ahadi ila aliifunga kamba. Mama atabeba simu, ile aliyomnunulia yeye, ambayo kila inakokwenda Douwe anaiona kwenye simu yake kama kidoa cha bluu. Akifika kule mwisho, apige picha aitume. Pasipo picha, na pasipo kuwahi feri ya saa tisa, karatasi zinatiwa saini. Hiske akampa mkono. Mjomba mmoja kiziwi, aliyedhani pongezi zinaendelea, naye akampa mkono.

Sasa, jambo moja lieleweke kuhusu mwanamke huyu. Miaka thelathini na moja alifanya kazi gatini, kwenye vigari vya mizigo. Hapa Harlingen feri mbili zinatoka gati moja, ya Terschelling na ya Vlieland, kila moja na mstari wake wa vigari wenye kibao cha kisiwa, na abiria hapandi na furushi lake. Analiweka kwenye kigari cha chuma chenye namba, anaikumbuka namba, trekta inavivuta vigari mpaka tumboni mwa feri, na ng’ambo anakwenda kuchukua mzigo wake mle mle. Mambo mepesi. Lakini kila kiangazi kulikuwa na mkulima kutoka Drenthe au mwalimu kutoka Ujerumani aliyetia hema lake kwenye kigari cha kisiwa kisicho chake, na Hiske alikuwa na ulimi maalumu kwa ajili yao. Aliwahi kumwambia mchungaji wa kanisa, mbele ya waumini wake, kwamba kama njia ya mbinguni nayo ina vibao, basi wale kondoo wamekwisha. Na mtu aliyejaribu kupanda na begi mkononi alirudishwa nyuma kama mtoto aliyeingia na viatu vya matope.

Katika miaka hiyo yote alipeleka visiwani mizigo ya nusu ya Uholanzi, na yeye mwenyewe hakuwahi kupita bandari ya ng’ambo. Alishuka, akapanga vigari, akapanda. Kisiwa alikijua kama mpishi anavyoijua harusi: kwa mgongo wa mlango.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa tano, baridi, upepo unatoka mashariki. Hiske alishuka ngazi zake kinyumenyume saa kumi na mbili unusu asubuhi, akaitoa baiskeli nyeusi yenye breki ya kukanyaga kinyume, akaingia gatini. Begi lake lilikuwa na vitu vinne: mkate wa jibini, chupa ya kahawa, koti la mvua na simu. Mtu mwingine angelitundika begi hilo begani. Hiske hakuweza. Angemtazamaje tena mtu usoni yeye aliyewarudisha maelfu? Akavuka moja kwa moja kwenda kwenye mstari wa kushoto, ule ulio upande wa mnara wa taa, akaweka begi kwenye kigari namba kumi na nne na kukipiga kigari kofi la makalio kama punda aliyezoeana naye. Kibao hakukisoma. Mwenye nyumba hasomi kibao cha mlango wake.

Kwa mbali alimwona Folkert kwenye trekta. Hiske ndiye aliyemfundisha kazi, enzi ambazo kijana huyo alikuwa bado na nywele. Akampungia, Folkert akapunga, basi.

Feri iling’oa nanga saa moja kamili, lakini upepo wa mashariki una tabia ya kuyafukuza maji kwenye bahari yetu hii ya matope, na mfereji ukabaki mwembamba kama mchirizi wa bafuni. Nahodha alikwenda kwa kunyata. Sili, wale wanyama wanene wa baharini, walikuwa wamelala juu ya fungu la mchanga wakiitazama feri inavyopita kwa aibu. Hiske alisimama staha ya juu, baiskeli yake imefungwa chini, mikono mitupu mfukoni, akahisi raha ya abiria kwa mara ya kwanza maishani: hana cha kubeba wala wa kumgombeza. Alijitahidi asimgombeze mtu. Alimgombeza mmoja tu.

Walifika saa tatu unusu badala ya saa tatu. Vigari vikashushwa. Hiske akaenda kwenye namba kumi na nne, akafungua. Kulikuwa na kiti cha mtoto, magunia ya hema mawili, na gitaa. Akafungua kumi na tatu. Akafungua kumi na tano. Akarudi kumi na nne, kwa sababu binadamu ndivyo alivyo.

Mfanyakazi wa gati la kule, kijana mpole mwenye hereni, alimuuliza aliliweka upande gani. Akamwambia kushoto. Kijana akavuta pumzi. “Hilo limekwenda Vlieland, bibi.”

Kuna aibu ya kulia, na kuna aibu inayokausha mate, na hii ilikuwa ya pili. Miaka thelathini na moja. Mchungaji na kondoo wake wote walipita mbele ya macho yake. Lakini zaidi ya aibu kulikuwa na hofu, nayo ilikuwa na sura ya mstari wa saini. Birika, na sasa begi. Moja ni bahati mbaya. Mawili ni kwa daktari. Alisimama pale akijipekua kichwani kama mtu anayetafuta miwani: leo ni Alhamisi, mume wangu aliitwa Gosse, nne mara kumi na nne hamsini na sita. Vyote vilikuwepo. Ila begi lilikuwa Vlieland, na ndani ya begi simu, na ndani ya simu kile kidoa cha bluu cha Douwe, kikielea taratibu kwenda kisiwa kingine.

Kijana akasema si taabu, atapiga simu Harlingen, waite nyumbani kwake, bibi akae ndani apate joto mpaka feri irudi.

“Usimpigie mtu,” alisema Hiske. “Mpaka saa tisa mimi sipo.”

Akapanda baiskeli.

Kutoka bandarini mpaka kijiji cha mwisho, Oosterend, ni kama kilomita kumi na tano, zote zinaelekea mashariki, na mashariki ndiko upepo ulikokuwa unatoka. Njia imelala kwenye nyasi tambarare, tuta la bahari mkono wa kulia, vilima vya mchanga mkono wa kushoto, na katikati hakuna kitu cha kumzuia hata kuku. Upepo wa mbisho haukupigi kofi ukaisha. Unakuwekea kiganja kifuani na kukuuliza kila hatua kama una hakika. Hiske aliinamisha kichwa, akaanza kujibu.

Kabla ya Midsland alipitwa na mume na mke waliovaa makoti ya rangi moja, juu ya baiskeli za betri, migongo imenyooka kama wameketi sebuleni. Mwanamume aligeuka. “Bibi, upepo unakuzidi?”

“Hapana, unaniuliza habari tu.”

Wakapotelea mbele kwa mlio mwembamba wa mashine. Hiske akawatukana kwa upole, kwa mpangilio, wao na betri zao na makoti yao, na matusi yakampeleka kilomita mbili nzuri. Lakini matusi nayo huisha. Baada ya Formerum mapaja yalianza kutetemeka, macho yakawa yanatoa machozi ya baridi, na tumbo lilikumbuka mkate wa jibini ambao wakati huo huenda ulikuwa unatembelea Vlieland. Alishuka kwenye kituo cha basi, kile chenye paa na kuta tatu, akaketi ili atulie dakika moja. Zikawa dakika kumi. Saa aliijua kwa sababu basi linalokwenda bandarini lilikuja, na ratiba ukutani ilisema ndilo la saa tano.

Basi likasimama. Mlango ukafunguka, hewa ya moto ikatoka kama pumzi ya ng’ombe. Dereva, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuzoea shida, alimtazama, akaitazama baiskeli, akautazama mti uliokuwa umepinda kwa upepo.

“Panda, mama. Baiskeli tunaipandisha nyuma, leo hakuna watu.”

Hili ndilo lililokuwa jambo lenyewe, kama mtu anauliza. Ndani ya basi kulikuwa na kiti, na kiti kile kilikuwa na miguu mirefu: kilianza pale Formerum na kuishia nyuma ya duka kubwa, dirishani, juu ya magari ya watu yaliyopangwa. Hakuna mtu angejua. Angeweza kurudi bandarini, akanywa supu, akapanda feri ya saa tisa akasema amefika. Simu ilikuwa mbali, picha hakuna, wa kumsuta hakuna. Lakini wa kumwamini pia hakuna, na zaidi ya hayo yeye mwenyewe angejua, na kuishi na mtu anayejua ni kazi.

“Natazama ratiba tu,” alisema.

Dereva akacheka. “Umeimaliza?”

“Naam. Ina makosa.”

Mlango ukafungwa. Hiske akapanda tena, na safari hii hakuinamisha kichwa. Aliimba, si wimbo hasa, ni namba za vigari: moja kulia, mbili kulia, tatu simama, nne sukuma, jinsi walivyokuwa wakipiga kelele gatini ili dereva wa trekta asikie kwenye upepo. Kwa kila namba mzunguko wa pedali. Hoorn ikapita, makaburi yake ya mabaharia yakapita. Na pale kijiji kinapokwisha aliwakuta wale wawili wa makoti, wanatembea kwa miguu, kila mmoja anaisukuma baiskeli yake iliyo nzito kama ndama. Upepo ulikuwa umeinywa betri yote, na usiku walisahau kuichaji. Hiske aliwapita taratibu sana, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuwapita kwa kasi, na akapiga kengele mara moja, kama inavyotakiwa na sheria ya barabara.

Barabara inaishia Oosterend. Mbele yake ni mchanga, majani makavu na ndege. Kuna mkahawa mmoja wa mwisho, madirisha yake yote yamegeuzwa upande usio na upepo. Hiske alisimamisha baiskeli ukutani na kubaki ameushika usukani kwa muda, kwa sababu vidole vilikataa amri ya kuuachia. Kisha akautazama mwisho wa barabara ambako miaka thelathini na moja alikuwa akituma watu na mizigo yao. Ulikuwa wa kawaida kabisa. Alifurahi kuuona ulivyo wa kawaida.

Sasa likabaki la ushahidi. Picha haipo. Angeokota ganda la chaza? Maganda yamejaa hata Harlingen. Angemwomba mtu barua? Marloes angeuliza mhuri. Ndipo mwanamke wa mkahawa alipotoka na kumwambia aingie kabla hajaganda, na Hiske akaingia kwenye jambo ambalo kwa miaka mingi hakulifanya: kununua kahawa. Tangu fedha ya zamani ilipoondolewa ikaja euro, alikuwa ameapa kwamba hatalipa bei ya kahawa ya mkahawani akiwa na jiko nyumbani. Kila alikokwenda, chupa yake ilikwenda. Lakini chupa ilikuwa Vlieland, mikono ilikuwa haifungi, na mfukoni kulikuwa na noti ya euro kumi iliyokunjwa mara nne, kwa kuwa mama yake alimfundisha kwamba mwanamke asitoke nyumbani bila fedha ya kumrudisha.

Akaagiza kahawa. Mwanamke akasema kuna keki ya beri nyekundu za kisiwani. Hiske akasema hapana. Halafu akasema ndiyo. Akala polepole, kijiko kwa kijiko, kama mtu anayekagua kazi ya fundi. Alipoondoka aliomba risiti, akasoma chote kilichoandikwa: jina la kijiji, tarehe, saa sita na dakika arobaini na moja, bei. Bei ilimwingia kuliko upepo. Akaikunja risiti na kuitia ndani ya soksi, mahali ambapo hakuna kisiwa kingine kingeweza kuichukua.

Kurudi hakuna hadithi. Upepo uliokuwa adui ulimbeba mgongoni. Mara kwa mara hakukanyaga kabisa. Alifika bandarini saa nane na dakika kumi na akapata wasaa wa kumwambia yule kijana wa hereni kwamba vigari vyake kapanga vibaya.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano feri ilipofunga kamba Harlingen, Douwe na Marloes walikuwa gatini. Douwe alikuwa amevaa koti la kazini, uso umempauka kama jibini changa. Habari zikatoka kwake zote kwa pamoja: kwamba kidoa kilikwenda Vlieland badala ya Terschelling, kwamba tangu saa tatu hakikusogea hata hatua moja, kwamba alipiga simu mara kumi na tisa, kwamba alimpata polisi wa Vlieland, aliyekwenda kwa baiskeli mpaka gatini na kukuta begi linaloita, peke yake, pembeni ya maji. Douwe alipofika hapo, pembeni ya maji, aliyarudia maneno hayo mara mbili. Anapima matuta, anajua maji yanafanya nini.

Hiske alimshika shavu. “Sikuzama, mwanangu. Nilikuwa na kazi.”

“Kazi gani, mama? Ulikuwa Vlieland umekaa?”

Marloes alikuwa na karatasi, zimo kwenye mfuko wa plastiki zisilowe. Hakuzitoa, ila alizishika. Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli, ndiyo maana uliuma: hakuna anayemlaumu, kupanda feri isiyo yako ni jambo linalotokea mtu akifikia umri, lakini mapatano yalikuwa picha, na picha hakuna.

Hiske akaegemea baiskeli, akavua kiatu. Watu walioshuka feri wakamzunguka kama maji yanavyozunguka nguzo. Akatoa risiti kwenye soksi, akampa Douwe. Douwe aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena, mdomo unahesabu. Kijiji. Tarehe. Saa.

“Na begi?” alisema Marloes. “Nasema tu, mama. Oosterend umefika, sawa, nakuvulia kofia. Lakini begi umelitia kwenye kigari cha kisiwa kingine. Wewe. Miaka yote ile gatini. Hilo halikutishi?”

Lilikuwa linamtisha tangu asubuhi. Na hapo ndipo trekta ilipokuja, inavuta vigari vya Vlieland, na Folkert juu yake, ameliinua begi la Hiske kama samaki aliyemvua.

“Hata wewe, dada? Basi nimeshinda. Niliwaambia wenzangu ipo siku hata Hiske atanaswa.” Akamrushia. “Leo ni la kumi na mbili. Tangu Pasaka wakubwa walipobadilisha mistari, Vlieland kushoto, Terschelling kulia, kila siku ni mabegi kumi, kumi na mawili. Juzi amenaswa nahodha.”

Hiske alivaa kiatu chake bila haraka, akafunga kamba mafundo mawili.

“Watu kumi na wawili kila siku,” alimwambia Marloes. “Kile chumba kina vitanda vingapi?”

Folkert alicheka mpaka trekta ikazimika. Marloes naye akajaribu kutocheka, akashindwa, na kwa kuwa ni mtu wa haki, akautia ule mfuko wa plastiki ndani ya mkoba wake na kufunga zipu. Hakusema kwamba mambo yamekwisha. Alisema tu kwamba birika lile lingenunuliwa jipya, la umeme, linalojizima. Hiske akasema birika atalipokea.

Douwe alikuwa bado na risiti mkononi. “Mama,” alisema, “hii bei ni ya kahawa?”

“Soma vizuri. Na keki.”

Leo risiti hiyo imebandikwa kwa pini kwenye ukuta wa ngazi zake, usawa wa macho ya mtu anayeshuka kinyumenyume. Wino umeanza kufifia. Jina la kijiji linasomeka kwa shida, saa imebaki nusu. Mstari wa chini haujafutika. Kahawa moja, keki kipande kimoja: euro saba na senti tisini.